Kiti cha Nne cha Kinyozi

Nyumbani, 4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Kifurushi kimefika. Nilipoona muhuri wa mjini nikadhani ni picha yako umevaa sare, maana hiyo ndiyo niliyokuomba. Nafungua, nakuta bandeji ya goti, ile nene ya kuvuta. Nimeivaa hapa ninapoandika na goti limetulia. Ahsante sana mama. Ila nijibu swali moja: nani kakwambia goti linaniuma? Kwenye barua zangu sijaliandika, nilijua utaanza kunihubiria niache kazi. Nimewaza, nikasema labda ndiyo mambo ya mama na mtoto, mmoja akijikwaa mwingine anashtuka. Nikacheka peke yangu na sindano mdomoni, kidogo niimeze.

Kazi ipo. Magodoro ya nyumba ya wauguzi nimeyamaliza kushindilia pamba, bado kuyashona midomo. Sasa nina kochi la mwalimu mkuu. Nilipolifumua mgongo nimekuta humo kalamu, meno ya bandia (ya nani sijui, maana mwalimu mkuu anayo yake yote) na barua iliyokunjwa. Nimevitia vyote kwenye mfuko nikafunga fundo, atapewa mkononi. Jirani yetu Mama Kelele alipoiona ile barua mikono ikaanza kumwasha. Nikamwambia thubutu! Watu wananiachia makochi yao kwa sababu wanajua kilichoangukia humo kinarudi kwao, na mdomo wangu umefungwa.

Halafu kuna kinyozi wa hapa barabarani kaniletea kiti chake nikibadilishe ngozi. Kiti kizuri, cha kuzunguka. Mtu mpole. Basi, hayo tu.

Kazi yako bado sijaielewa. Ulisema ni idara ya serikali, simu zenu mnaziacha getini na hamruhusiwi kuzitumia mpaka mwaka wa kwanza uishe. Idara gani inamnyang'anya mtu mzima simu? Mtoto niliyempa jina la Chiriku kwa sababu hakunyamaza tangu alipoota meno, leo nakaa kumvizia tarishi. Andika.

Mama yako


Bweni la Idara, 15 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Swali la goti ni jepesi. Mvua zimeanza, na wewe, mvua na goti lako nawajua siku nyingi. Hakuna uchawi.

Kazi yangu nayo ni nyepesi, wewe ndiye unaifanya ngumu. Nakaa kwenye chumba kikubwa kisicho na madirisha, hedifoni masikioni, tunapima usikivu wa simu nchini. Mkuu wa chumba tunamwita Baba Mlezi kwa vile hajui kugomba. Mtu akichelewa yeye ndiye anayeomba radhi. Kushoto kwangu anakaa kijana mmoja anaitwa Miwani, anatafuna pipi za mnanaa kutwa nzima mpaka chumba kinanukia kama dawa ya meno. Viti vyetu ungeviona ungelia. Sponji imechungulia nje kila upande.

Sasa, huyo kinyozi wako. Mama, uwe macho. Mtu mwenye viti vitatu dukani akikuletea cha nne umtengenezee, huyo hana shida ya kiti. Simsemi vibaya, na mtu kuchekesha si dhambi. Nasema tu usije ukabebwa na maneno matamu ukasahau kwamba una binti mjini anayekupenda.

Picha ya sare nitatuma. Sare yenyewe hainikai vizuri mabegani.

Binti yako,
Chiriku


Nyumbani, 24 Machi

Chiriku,

Barua yako nimeisoma, nikaenda kunywa maji, nikarudi nikaisoma tena.

Nimekusikia. Kinyozi nitamwangalia kwa macho mawili. Kiti cha marehemu baba yako kipo palepale dirishani, leo nimekifuta vumbi. Mama Kelele anakusalimu. Sina jipya.

Mama yako


Bweni la Idara, 31 Machi

Mama, shikamoo, naandika mbiombio gari la posta lisiniache.

Nakuomba, nakusihi, kiti cha baba usikiguse! Usikifumue! Kama kuna mtu anahitaji springi, springi zinauzwa madukani, akanunue. Kile kiti ndicho baba alichokuwa ananipakatia, na mkono wa kulia wa kiti una alama za meno yangu. Springi za baba zikaliwe na watu wanaosubiri kunyolewa ndevu? Hapana, mama. Hapana kabisa.

Utaniuliza nimejuaje. Nimeota. Nimekuota umeshika mkasi, umesimama juu ya kiti cha baba, nikaamka nikatafuta kalamu. Ndoto nyingine si za kupuuza.

Nijibu haraka.

Chiriku


Nyumbani, 8 Aprili

Chiriku,

Ndoto yako ina masikio makubwa.

Kiti cha baba yako kipo, hakijaguswa, na meno yako yapo. Sikuwahi kufikiria kukifumua. Hayo maneno niliyasema mahali pamoja tu, kwenye simu, nikizungumza na Kinyozi, na niliyasema makusudi.

Itafute barua yangu ya kwanza kama hujaitupa. Nimekuandikia kiti, kimoja. Wewe ukanijibu habari za viti vitatu na cha nne. Kiti cha nne tulikicheka kwenye simu, jioni, mimi nimejilaza juu ya magodoro ya wauguzi, Kinyozi akiungama kwamba kile cha mwisho alikinunua kibovu kwa mtu ili apate sababu ya kurudi hapa. Hata Mama Kelele hajui, na Mama Kelele anajua mpaka siku nitakayopiga chafya. Goti nalo nilimlalamikia shangazi yako, kwenye simu hiyohiyo. Nikasema alaa!

Basi nikamwita Kinyozi hapa karakanani nikampangia ya kusema. Mwanangu, yule si mwigizaji. Alipofika pa kushtuka, "Kweli utazing'oa springi za marehemu?", alisema kama mtu anayesoma tangazo la kukatika maji. Nikajua hata mtoto mdogo hawezi kudanganyika. Kumbe wewe umedanganyika, ukapiga mbio posta.

Huo ndio upimaji wa usikivu? Unapima usikivu wa mama yako?

Sitaki kucheka tena, ngoja niseme ninachotaka kusema. Unajua kwamba Kinyozi ameniposa. Usikatae, alisema kwenye simu, na mimi sikumjibu, nikamwambia nipe muda. Huo muda nilikuomba wewe ingawa hukujua. Nilikuwa nangoja uje likizo. Nilishajifunza maneno yangu nikiwa nashona: nitakukalisha kwenye kiti cha baba yako, nitakwambia "Chiriku, kaa kitako, nina habari", halafu nikuone macho yanavyokutoka. Tangu baba yako atutoke, habari zote za nyumba hii zimekuwa za kuugua, kuzika na kulipia. Hii ilikuwa nzuri, na ilikuwa yangu. Umeniibia, Chiriku. Umeingia ndani ukaichukua, ukanirudishia bandeji.

Naye Kinyozi hapigi tena simu. Akinikuta njiani ananiamkia kama vile mimi ni mke wa waziri. Anasema hawezi kumwambia mwanamke maneno matamu mbele ya serikali.

Nimekasirika. Nimekaa na hasira hii tangu juzi na bado ya moto.

Mama yako, bado


Bweni la Idara, 17 Aprili

Mama yangu, shikamoo, hata kama huitikii.

Sina pa kujifichia. Ndiyo. Kazi yangu ni kusikiliza simu za watu. Walitukataza kumwambia yeyote, hata mzazi, na hapa ninavunja kiapo. Usihofu kuhusu barua: zamani kulikuwa na chumba cha kuzifungua, wakakifunga kwa kukosa kazi. Siku hizi nani anaandika?

Ilianza mwezi wangu wa kwanza. Sikuwa na simu, sikuwa na rafiki, bweni linanuka rangi mpya. Siku moja baada ya kazi vidole vyangu vikaandika namba yako, basi tu. Ulikuwa unamgombeza mwuza vitambaa. Ulimwita kupe. Mama, nililia kwa furaha. Nilisema ni leo tu. Kesho yake nikasema nisikie tu kama yule kupe kaleta kitambaa. Halafu akaja Kinyozi na hadithi zake za mteja aliyesinzia akanyolewa nyusi, na mimi nikawa sili chakula cha jioni mpaka nijue mmezungumza nini. Nilijiambia sikuibii, nipo nawe tu.

Lakini mama, usituone sote wambea. Mwezi uliopita kuna watu walipanga kulipua kituo cha umeme. Tuliwasikia sisi, wakakamatwa kabla. Wale wauguzi wako wanawasha taa kwa sababu chumba kile kipo. Hilo nitalitetea mpaka kesho. Na wewe mwenyewe, ukutani hapo, hukosi hata neno moja la Mama Kelele akigombana na mumewe! Hilo mbona halina jina?

Nisamehe. Sitaisikiliza tena namba yako. Naapa kwa meno yangu ya kwenye kiti cha baba.

Chiriku


Nyumbani, 26 Aprili

Chiriku,

Marahaba.

Umenimaliza nguvu na hiyo ya kupe. Nimesoma nikacheka, halafu nikajikasirikia kwa kucheka.

Wanaotaka kulipua kituo cha umeme wakamateni, nitawapigia makofi nikiwa nimesimama, goti au si goti. Lakini mimi na Kinyozi tulikuwa tunapanga kulipua nini? Huyo mkuu wako akinishuku, aende kwa hakimu, aseme namtaka fundi magodoro kwa sababu hii na hii. Hakimu akikubali, waje wote wawili. Nitawawekea viti, viti ninavyo.

Na habari ya ukutani, ni kweli, namsikia Mama Kelele. Yeye naye ananisikia. Asubuhi tukikutana bombani kila mmoja anajua mwenzake anajua nini, ndiyo maana tunaheshimiana. Wewe ulikuwa umejificha ukuta gani? Ningekuona wapi?

Ulikuwa na hamu nami, nimeelewa. Na mimi nilikuwa na hamu nawe. Lakini mimi nilikuwa napiga kelele kwenye karatasi, wewe ukawa unanywa chai yangu dirishani bila kubisha hodi.

Msamaha wangu utaupata, mimi ni mama yako, nina njia gani nyingine? Ila kuna mtu ambaye hukumzaa wala hakukuzaa, na umemnyang'anya ulimi. Mwandikie yeye.

Mama


Bweni la Idara, 4 Mei

Mzee wangu Kinyozi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Fundi. Hunijui, nami nakujua kuliko ninavyostahili, na hilo ndilo kosa langu. Nilisikiliza simu zako na mama yangu bila idhini yako, bila kibali cha mtu, kwa sababu nilikuwa mpweke na wewe ni mcheshi. Hiyo si sababu, najua. Naomba radhi. Usimnunie mama. Yeye hakunikaribisha.

Chiriku


Kinyozi, Barabara ya Sokoni, 11 Mei

Binti wa Fundi,

Marahaba. Samahani kwa nywele kwenye karatasi, naandikia dukani.

Mimi si mtu wa kununa, ni mtu wa haya. Nikuambie kazi yangu. Mteja anakaa, anaegemea, ananiachia koo. Wengine wanasimulia mambo ya ndani kabisa wembe ukiwa hapo hapo kooni. Unajua kwa nini hawaogopi? Mbele yao kuna kioo. Akifumbua macho ananiona nipo wapi, mkono wangu uko wapi, nacheka au sicheki. Duka ambalo kinyozi anamwona mteja na mteja hamwoni kinyozi, mimi mwenyewe nisingekwenda kunyolewa.

Nina swali moja tu. Kuna siku nilimsimulia mama yako marehemu mke wangu alivyokuwa akinisubiri na taa, nikashindwa kujizuia, nikalia. Nilidhani nalia mbele ya mtu mmoja. Siku hiyo ulikuwepo?

Kinyozi


Bweni la Idara, 18 Mei

Mzee wangu,

Nilikuwepo. Nilipaswa kuvua hedifoni, na sikuvua.

Chiriku


Bweni la Idara, 20 Mei

Mama yangu, shikamoo.

Kaa kwanza. Mimi mwenyewe naandika nimekaa sakafuni.

Baada ya barua ya Kinyozi nilishindwa kula. Sheria yetu inasema kila namba iwe na kibali cha hakimu. Yako haina, haikuwahi kuwa nayo. Nikasema nikaungame kwa Baba Mlezi, wanifukuze yaishe. Nikaingia ofisini kwake, nikafunga mlango, nikamwambia yote. Nilikuwa namsikiliza mama yangu mzazi, mkuu. Na mchumba wake.

Baba Mlezi akaangalia kikombe chake. Halafu, mama, akauliza kwa sauti ndogo kabisa: "Kwani ameshamjibu?"

"Nani ameshamjibu nani, mkuu?" Akasema, "Fundi. Amemkubali Kinyozi?"

Wanajua wote! Siku ya kwanza nilipoandika namba yako nilidhani naisikia peke yangu, kumbe ukiita namba kwenye mitambo yetu inatokea mezani kwa chumba kizima. Mimi mgeni, sikujua. Wao wakongwe, hawakusema. Jioni, kazi ikiisha, walikuwa hawaondoki. Nilidhani ni wachapakazi. Miwani amekiri kwamba waligawanyika pande mbili, wapo waliokuwa upande wa Kinyozi na wapo waliosema Fundi asiharakishe. Siku ya kiti cha baba kuna mama mmoja wa mapokezi alishindwa kufanya kazi.

Nao kila mmoja ana wa kwake. Miwani anamsikiliza mchumba aliyemwacha. Mwingine mkewe, mwingine mwanawe wa chuoni. Baba Mlezi anamsikiliza kaka yake ambaye hawazungumzi. Wale wa kituo cha umeme, mama, tuliwapata kwa sababu kulikuwa na zamu moja tu ya watu waliokuwa wanafanya kazi waliyoajiriwa. Nilikuambia nitalitetea mpaka kesho. Basi kesho imefika.

Nimemwandikia mkaguzi wa idara. Nimejitaja mimi kwanza, halafu namba zisizo na vibali, yako juu kabisa. Mpaka aje, wamenihamishia stoo. Nipo na viti vilivyovunjika.

Naona aibu kukuambia kwamba chumba kizima kinajua habari yako. Lakini ukiijua kwa mwingine itakuwa nimekuibia mara ya pili.

Chiriku wako


Nyumbani, 29 Mei

Chiriku wangu,

Nimesoma nimesimama, nimesoma nimekaa, mwisho nimelala chali kwenye sakafu ya karakana nikacheka mpaka Mama Kelele akagonga ukuta kuuliza kama nimepandisha presha. Pande mbili! Mimi!

Halafu hasira ikarudi. Nikasema hawa watu nitawapata wapi niwaambie? Nikakumbuka, nawajua walipo.

Jana jioni nikamwita Kinyozi karakanani kwangu, nikamwambia simama hapo, leo utanisikia nikizungumza na watu wengine. Nikapiga simu yake, ikalia mfukoni mwake, akapokea hatua mbili kutoka kwangu. Nikasema: "Nyie mnaosikiliza, hamjambo. Mimi ndiye Fundi. Mmesikia goti langu, mmesikia deni langu la pamba, mmemsikia huyu mzee wa watu akimlilia mkewe, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunisalimia. Mna mama zenu. Mna kaka zenu. Wapigieni, waulizeni hali, waacheni wawajibu wanachotaka kujibu. Wewe Miwani, huyo binti alikuacha, nawe mwache. Na jibu la Kinyozi halitapita kwenye simu hii hata mkikaa hapo mpaka mzeeke. Kwaherini." Nikakata.

Kinyozi bado kashika simu sikioni. Akaniambia, "Fundi, unatisha." Halafu akasema barua yako ya mistari miwili ameipokea, ile ya "nilikuwepo". Akasema angekasirika zaidi kama ungemdanganya. Ameikunja, ameiweka droo ya nyembe.

Mama yako


Stoo, 7 Juni

Mama yangu, shikamoo!

Sikukusikia mimi, nilikuwa stoo nikipanga miguu ya viti. Nimesimuliwa na Miwani, alikuja amekunjamana kama shuka. Anasema ulipotaja jina lake alimeza pipi nzima. Baba Mlezi akavua hedifoni akaziweka mezani taratibu, akasema, "Kwa kweli ni aibu," na safari hii hakumwomba radhi mtu. Kesho yake saa ya mapumziko kulikuwa na foleni getini, watu wazima, kila mmoja anabembeleza apewe simu yake ampigie mama. Baba Mlezi naye alikuwemo. Walinzi wakadhani pametokea msiba wa taifa.

Mkaguzi amekuja. Namba zisizo na kibali zimefutwa, nimeiona yako ikifutwa kwa macho yangu. Sikudanganyi kwamba chumba kimefungwa, kipo, na pengine kinatakiwa kuwepo. Lakini sasa kila namba inasubiri karatasi ya hakimu, na mkaguzi kachukua meza mlangoni. Mimi nimepewa onyo la maandishi na nimebakizwa stoo, na nimepata simu yangu. Sijakupigia. Nilitaka nikuulize kwanza kama nikupigie.

Wananifuata huku stoo kila siku. Amemjibu nini? Tuambie tu, ndiyo au hapana. Nawaambia sijui, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa, ni kweli.

Chiriku


Nyumbani, 16 Juni

Chiriku,

Kaa kitako. Nina habari.

Umekaa? Hata kama ni kwenye kiti kibovu cha stoo, kaa.

Mama yako ana mchumba. Ndiyo, mimi, na nywele zangu hizi. Ni kinyozi. Jumapili nilikwenda dukani kwake mchana, wateja wamejaa, nikakaa kwenye kile kiti nilichokitengeneza mwenyewe, nikajizungusha mara moja, nikamwona kwenye kioo amesimama nyuma yangu na kitana mkononi, amesahau mteja. Nikamwambia kupitia kioo, "Ile habari uliyoniuliza, jibu ni ndiyo." Mteja aliyekuwa amepakwa povu ndiye aliyepiga makofi kwanza. Kinyozi alikaa chini, palepale juu ya nywele za watu.

Nimekuandikia kabla ya kumwambia shangazi yako. Mama Kelele pia hajaisikia kinywani mwangu. Nilimnong'oneza Kinyozi kwaheri tukiwa mbali na ukuta. Ukiacha wateja waliokuwepo dukani, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Wengine huko kwenu wakikuuliza, utawajibu utakavyoona, habari sasa ni yako pia.

Ndoa tunangoja likizo yako. Na simu, nipigie. Nipigie kila siku ukitaka. Bisha hodi tu.

Mama yako, mchumba wa mtu


Stoo, 24 Juni

Mama yangu, shikamoo!

Macho yamenitoka! Nimepiga kelele mpaka Miwani akaja mbio kuniuliza kuna nini. Nikaikunja barua, nikamwambia ni mambo ya mama yangu. Alisubiri, akasubiri, akaniachia pipi, akaondoka.

Mama, una mchumba? Wewe? Toka lini? Kinyozi, kinyozi gani huyo? Mlijuanaje? Na hicho kiti ulichokalia, kilifikaje mikononi mwako? Anachekesha? Anakupenda?

Nakupigia Jumamosi mchana. Nitabisha hodi, ukisema karibu nitaingia. Nisimulie yote tangu mwanzo, polepole, usiruke hata kitu kimoja. Mimi sijui lolote.

Binti yako,
Chiriku